Jabavu wa King William's Town: mhariri aliyewasaliti watu wake au tunamuonea? Na Wamfengu hasa ni watu gani?

Kalamu_Butu
Habari za mchana wakuu. Siku tatu hizi nimezama kwenye habari za mzee mmoja wa Afrika Kusini anaitwa John Tengo Jabavu, sasa nina hoja naileta hapa mnisaidie kuichana au kuishona.

Kwa asiyemjua: kazaliwa 11 Januari 1859 kijiji kinaitwa Tyatyora, jirani na misheni ya Healdtown, wilaya ya Fort Beaufort, Rasi ya Mashariki. Baba Ntwanambi Jabavu, mama Mary Mpinda, Wakristo wa Kimethodisti, watu wa hali ya chini tu. Akapata cheti cha ualimu hapo Healdtown 1875, akapangiwa kufundisha Somerset East, na huko akawa akitoka darasani anajifunza kupiga chapa kwenye gazeti la mji. 1881 akaitwa Lovedale kuhariri Isigidimi samaXhosa, gazeti la wamisheni. Halafu 3 Novemba 1884, ana miaka 25, akaanzisha la kwake kwa hela yake hapo King William's Town, likaitwa Imvo Zabantsundu, yaani Maoni ya Watu Weusi. Linatoka kila wiki, kwa Kixhosa na Kiingereza.

Miaka mingi anawatetea weusi. Sasa inakuja 1913, ile Sheria ya Ardhi iliyowabana Waafrika kwenye kama asilimia 7 ya nchi yao wenyewe. Na huyu mzee anaiunga mkono gazetini! Nikajiuliza imekuaje. Nikaenda kwenye ukoo nikaona jibu hili hapa: Jabavu alikuwa Mmfengu, na Wamfengu 14 Mei 1835 walikula kiapo cha utii kwa Mwingereza chini ya mti kule Peddie. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Karibuni.

NgojaWaje
Ngoja waje. Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

Shangazi_Stoo
Siku tatu unasoma halafu utafiti wote unaishia "mtoto wa nyoka ni nyoka"? Mwanangu hicho kiapo ni cha 1835, yeye kazaliwa 1859. Mimi babu yangu alikuwa akida wa Mjerumani, kwa hesabu yako na mimi nikamatwe?

Kalamu_Butu
Hahaha shangazi shikamoo. Sijasema akamatwe, nasema nyumba aliyolelewa ilimwona Mwingereza ni mlinzi. Hiyo mtu anainyonya na maziwa.

Shangazi_Stoo
Marahaba. Bado hujanijibu la akida.

Mchapaji_Mstaafu
Mtoa mada umekosea sehemu moja kubwa, hapo uliposema kwa hela yake. Mwalimu wa misheni wa miaka 25 anatoa wapi hela ya gazeti? Mimi nimekaa kwenye uchapaji miaka 19, enzi tunapanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, kinyumenyume, vidole vyeusi hadi unaona aibu kula hotelini, na nakuambia hakuna kitu kinakula hela kama gazeti. Karatasi inakula, wino unakula, herufi zinaisha meno inabidi uagize nyingine, na wasomaji wanakopa. Nusu ya wasomaji wa gazeti lolote hawajalilipia.

Wenye hela walikuwa wazungu wawili, Richard Rose-Innes mwanasheria wa hapo mjini na James Weir wa upande wa biashara. Na kisa chenyewe ni kwamba mapema mwaka huo huo wa 1884 Jabavu alimpigia kampeni James Rose Innes, ndugu yake Richard, kiti cha ubunge cha Victoria East, akawashawishi wapiga kura weusi wakampa, jamaa akashinda. Muda si mrefu Jabavu ana gazeti. Hata mtambo hakuwa nao, mwanzoni Imvo ilipigwa chapa kwa wazungu wa gazeti la Cape Mercury hapo hapo mjini. Kwa hiyo kama unatafuta kilichomfunga mikono mimi naanzia kwa aliyelipia karatasi, sijafika hata kwenye ukoo.

Kalamu_Butu
Nimekubali la hela, nilisoma haraka. Ila si unaona na wewe unanisaidia, alikuwa na bwana.

Mchapaji_Mstaafu
Kila mwenye gazeti ana bwana. Hata lile la ukutani la shule lina mwalimu wa zamu.

KijanaHodari_91
Dah kwa hiyo hili ndio gazeti la kwanza la mtu mweusi Afrika nzima? Sisi shule tulifundishwa nini jamani

Msomi_wa_Kibarazani
Hapana kijana, usiondoke na hilo. Imvo linahesabiwa la kwanza kuongozwa na mtu mweusi ndani ya Afrika Kusini. Magharibi walishatangulia, Charles Bannerman alikuwa na gazeti Accra tangu 1857, na Liberia kulikuwa na Liberia Herald miaka ya 1830 chini ya John Russwurm ambaye alitoka Marekani akiwa tayari mtu wa magazeti. Na ukisema magazeti ya lugha za wenyeji basi hata hapo Xhosa wamisheni walikuwa wanachapa tangu miaka ya 1830. Huku kwetu Msimulizi la wamisheni wa UMCA lilianza Unguja 1888, miaka minne baada ya Imvo. Halafu hilo lilikuwa la misheni. Mwafrika mwenye gazeti lake anayetukana serikali ya kikoloni kila wiki huku kwetu tulisubiri sana.

Kitwana_wa_Pwani
Salaam kutoka Mombasa. Msomi umesema vyema, ila "kutukana serikali" ni neno zito kwa Jabavu, yule alikuwa mtu wa adabu sana, anaandika kama anaomba radhi. Muigwithania ya kina Kenyatta 1928 nayo ilikuwa vivyo hivyo, ukisoma utadhani ni ya kanisa.

MwanaPeramiho
Mimi ningependa turudi kwenye ukoo maana hapo ndio pananigusa. Mimi Mngoni wa Songea. Sisi tumelelewa na hadithi moja: tumetoka kwa Wazulu, vita vya Shaka vikatutawanya, Zwangendaba akatuvusha mto Zambezi Novemba 1835 siku jua lilipopatwa. Angalieni mwaka huo. 1835! Hao Wamfengu wanakula kiapo Mei kule kusini, babu zetu wanavuka Zambezi Novemba. Vumbi ni la vita ile ile. Wengine wakakimbilia kaskazini wakawa sisi, wengine wakakimbilia kusini wakafika kwa Waxhosa wakiwa hawana kitu wakaitwa Wamfengu. Nilisikia jina lenyewe linatokana na neno la kutangatanga kuomba hifadhi.

Kwa hiyo mtoa mada ukimwita Jabavu nyoka unanitukania ndugu.

Kalamu_Butu
Samahani sana mjomba, sikujua msiba ni wa kwenu.

Msomi_wa_Kibarazani
MwanaPeramiho hadithi uliyoitoa ndiyo iliyokuwa inafundishwa kwa zaidi ya miaka mia: Wahlubi, Wabhele, Wazizi na wengine wanatoka upande wa Natal, wanafika kwa Hintsa mfalme wa Wagcaleka, tawi la Waxhosa, wanapokelewa, neno ni ukumfenguza kama ulivyosema. Inasemekana Waxhosa wakawafanya kama watumwa, mmisionari John Ayliff akawaonea huruma, gavana D'Urban akawavusha mto Kei zaidi ya watu 16,000, wakaja kuapa chini ya mti wa umqwashu kule Peddie: tutamtii mfalme wa Uingereza, tutakuwa Wakristo, tutasomesha watoto.

Sasa 1988 akatokea mwanahistoria Julian Cobbing wa chuo kikuu cha Rhodes akapindua meza. Yeye anasema stori ya wakimbizi waliookolewa ilitungwa kufunika wizi. Vita ilikuwa inaendelea, wakoloni walihitaji vibarua, basi wakateka watu na ng'ombe za Hintsa halafu wakawaita watekwa "wakimbizi". Na wengi wao kwa maelezo hayo walikuwa Waxhosa hasa. Wengine baada yake wakaja na ya katikati, kwamba Wamfengu ni mchanganyiko: wamo waliotoka Natal kweli, wamo Waxhosa waliochoka na vita, wamo waliokwenda misheni wakabaki, na jina likawa kama kadi ya kupatia ardhi na mshahara. Wapo pia waliompinga Cobbing kwa ukali, Jeff Peires ni mmoja wao, wakisema huwezi kufuta majina ya koo na masimulizi ya watu kwa kusoma barua za magavana tu.

Na kuna jambo mtoa mada hukuligusa. Hintsa mwenyewe aliuawa na askari wa Kiingereza 12 Mei 1835 akiwa mateka wao, na masikio yakakatwa. Kile kiapo ni tarehe 14. Siku mbili tu.

Shangazi_Stoo
Mungu wangu. Masikio?

Msomi_wa_Kibarazani
Ndio shangazi. Uingereza kwenyewe kulikuwa na kelele juu ya hilo.

NgojaWaje
Karanga zimenishinda kumeza. Endeleeni.

MwanaPeramiho
Hiyo ya "mchanganyiko" mnajua imenikumbusha nini? Kwetu ni hivyo hivyo. Mimi kwa baba Mngoni, lakini bibi mzaa baba alikuwa Mndendeule, na ukichimba Wangoni wengi wa Songea waliingizwa humo, Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, walitekwa au wakajiunga kwa hiari yao maana kuwa Mngoni kulilipa. Waliotoka kusini kabisa kwa miguu walikuwa wachache. Leo wote tunajiita Wangoni na wote "tulivuka Zambezi". Jumapili nitampigia babu nimuulize sisi ni wa kundi gani, nitaleta mrejesho.

BintiMsasani
Babu atakukata maneno. Mimi nilimuuliza wangu akaniambia "unataka kujua ili iweje, unaoa?"

Fundi_Koti_EL
Jamani mimi niko huku huku East London mwaka wa sita sasa, nina kibanda cha ushonaji, King William's Town ni karibu tu na siku hizi panaitwa Qonce, wamebadilisha jina 2021. Ndio mji wa Steve Biko pia, Ginsberg iko hapo hapo. Niwape ninavyoona kwa macho. Ukimuuliza mtu kabila hapa atakwambia Mxhosa, kwisha. Lugha moja, mila moja, jando moja. Hilo neno Mfengu wazee hawalipendi, linatumika kwenye utani au kwenye ugomvi. Ila mkizoeana atakutajia isiduko, yaani jina la ukoo, na hapo ndio unajua katokea wapi. Mteja wangu mmoja mama mtu mzima nilimuita kwa jina la familia miezi, siku nimejifunza ukoo wake nikamuita kwa huo, alinikumbatia kama mwanawe. Hao kina Jabavu kwa heshima walikuwa wanaitwa Jili. Kwa hiyo kabila linaweza kuwa la serikali ila ukoo ni wa kwao.

Na msichukulie poa mambo haya. Enzi za Ciskei, lile eneo walilotengewa weusi wakati wa ubaguzi, siasa ilikuwa Warharhabe (tawi jingine la Waxhosa) kwa Wamfengu, Lennox Sebe alimng'oa chifu Mabandla 1973 kwa kupiga ngoma hiyo hiyo, Mabandla alikuwa wa Wabhele. Wazee hapa wanakumbuka.

Kalamu_Butu
Fundi asante, hiyo ni dhahabu. Lakini si unaniunga mkono? Kama hadi 1973 ilikuwa inapigiwa ngoma, 1898 je? Maana usaliti wa Jabavu haukuanzia 1913. Uchaguzi wa 1898 aliwaunga mkono Afrikaner Bond, chama cha makaburu, dhidi ya kina Cecil Rhodes, tajiri wa migodi aliyekuwa waziri mkuu wa Rasi. Wenzake wakamkimbia. East London wakina Walter Rubusana walishaanzisha Izwi Labantu mwaka mmoja kabla, 1897, kushindana naye. Na angalieni nani yuko Izwi: Rubusana Mxhosa, A.K. Soga mtoto wa mchungaji Tiyo Soga, Mxhosa, Mhala wa ukoo wa machifu wa Kixhosa. Upande huu Jabavu Mmfengu. Ni ukabila mtupu umevaa tai.

Mchapaji_Mstaafu
Na Izwi lilikuwa linalipiwa na nani? Rhodes. Yule yule Cecil Rhodes. Nilishasema fuateni karatasi. Magazeti mawili ya weusi, moja lina wazungu liberali nyuma, lingine lina Rhodes nyuma, halafu sisi miaka 120 baadaye tunabishana kabila.

WakiliBilaJoho
Wote mnaruka kitu kimoja ambacho ndio kilikuwa kazi ya maisha ya huyu mzee: kura. Koloni la Rasi lilikuwa na utaratibu tangu 1853 kwamba mwanaume yeyote, rangi yoyote, akiwa na mali ya pauni 25 au mshahara wa pauni 50 kwa mwaka anapiga kura. Jabavu aliishika hiyo kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Gazeti lake lilikuwa linahimiza watu wajiandikishe, linaonyesha namna, linafuatilia mahakamani wakikatwa majina. 1887 serikali ikaja na sheria ya kukataa ardhi ya kijumuiya isihesabiwe kama mali, weusi kwa maelfu wakatoka kwenye daftari, watu wakaipa jina tung' umlomo, kushonwa mdomo. 1892 wakapandisha mali kutoka pauni 25 hadi 75 na lazima ujue kuandika jina, anuani na kazi yako. Kila mara anayepiga kelele ya kwanza ni Imvo.

Sasa ukiwa na kura chache huwezi kushinda, unaweza tu kuamua nani ashinde kati ya wazungu wawili. Ndio siasa aliyoijua tangu kampeni ya Rose Innes. Marafiki zake Merriman na Sauer, wanasiasa wa kizungu, walikuwa wameachana na Rhodes tangu 1893, na baada ya uvamizi wa Jameson kule Transvaal wakaungana na Bond, 1898 wako pamoja. Yeye akawafuata. Ni kosa la hesabu, mimi usaliti siuoni. Na vita ya makaburu ilipokuja alishikilia kutaka amani, serikali ya kijeshi ikamfungia gazeti Agosti 1901 hadi Oktoba 1902. Kibaraka wa Mwingereza gani anafungiwa gazeti na Mwingereza?

Shangazi_Stoo
Kalamu_Butu jibu hilo.

Kalamu_Butu
Najibu shangazi. Sawa la 1901 limenipiga kichwani sikatai. Lakini 1913 hakuna kura hapo wala hesabu. Ardhi! Sol Plaatje, ambaye naye ni mhariri na naye ni msomi wa misheni, alizunguka kwa baiskeli akaona watu wanatembea na mifugo barabarani wamefukuzwa mashambani, akaandika kitabu 1916 na ndani yake kuna sura nzima anamchapa Jabavu. Plaatje hakuwa na shida ya kabila na yeye, alikuwa Mtswana.

WakiliBilaJoho
1913 waziri aliyeipeleka bungeni alikuwa Sauer. Rafiki yake Jabavu wa zaidi ya miaka ishirini. Mzee hakuweza kuamini kwamba Sauer anaweza kuwafanyia hivyo, na kilichokuwa kinamuumiza zaidi ni kwamba wapinzani wa sheria walikuwa kina Rubusana wa ile Congress ya 1912 (ANC ya baadaye) ambayo yeye hakujiunga. Sauer akafa mwaka huo huo 1913. Jabavu akabaki ameshika maiti ya hoja.

BintiMsasani
Kwa hiyo ni urafiki? Yaani mtu anaharibu jina lake kwa ajili ya rafiki wa kizungu aliyekufa? Hii kitu nimeiona kwa mzee wangu na mwenyekiti wake wa ushirika, hata ghala lilipokutwa tupu bado anasema "mwenyekiti hawezi". Hadi leo.

KijanaHodari_91
na 1914 je? nimesoma kuna uchaguzi

Msomi_wa_Kibarazani
Hapo ndipo walipomalizana. Rubusana alishinda kiti cha Tembuland kwenye baraza la jimbo la Rasi 1910, mweusi wa kwanza. 1914 Jabavu akajitokeza kugombea dhidi yake. Kura zikagawanyika, mzungu akapita katikati. Ukijumlisha kura za Rubusana na Jabavu zilimzidi mshindi. Na hakuna mweusi mwingine aliyekaa kwenye kile kiti tena. Hata waliomtetea miaka yote hapo walikaa kimya. Mimi hilo ndilo naliona baya kuliko la ardhi.

NgojaWaje
Hii ya kugawana kura mpaka jirani anapita nimeshaiona mahali ila sitaji.

Kitwana_wa_Pwani
Usitaje. Uzi utafungwa.

Mimi niulize jingine. Mnamhukumu kwa 1898, 1913 na 1914 lakini pale Fort Hare vipi? Chuo cha kwanza cha Waafrika kule, kilifunguliwa 1916, na huyu mzee alizunguka miaka kukichangia na kukipigania. Charles Njonjo wetu alisoma hapo. Eliud Mathu mjumbe wa kwanza Mwafrika kwenye baraza la kutunga sheria la Kenya, alisoma hapo. Ndugu zetu Uganda, Yusuf Lule, hapo hapo. Wote wamekula matunda ya mti ambao Jabavu alishika jembe.

Mwalimu_Kalongo
Nimepita kutoka Kampala. Kitwana kazungumzia Lule, mimi niongeze linalotuhusu zaidi. Mjukuu wa huyu Jabavu, dada mmoja, aliolewa Uganda. Na dada yake Noni Jabavu, mwandishi, akaja kumtembelea, akaandika kitabu kilichotoka 1960 nusu yake ni Afrika Kusini nusu ni Uganda. Sisi Waganda hatukutoka vizuri sana humo hahaha, alishangaa mambo yetu mengi. Kitabu kinaanza na msiba, kaka yao Tengo aliyekuwa anasomea udaktari aliuawa na majambazi Johannesburg 1955. Noni mwenyewe alipelekwa Uingereza akiwa msichana mdogo, baadaye akawa mhariri wa jarida la fasihi London, The New Strand. Kwa hiyo uhariri uliruka kizazi kimoja ukaangukia kwa msichana.

Msomi_wa_Kibarazani
Mwalimu marekebisho madogo: haukuruka. Alexander Macaulay, mtoto wa pili, ndiye aliyeshika Imvo baba alipofariki 1921 na akalihariri mpaka 1940, ingawa katikati hapo miaka ya 1930 liliuzwa kwa kampuni ya wazungu, Bantu Press.

Na upande wa Noni ni zaidi ya hapo. Baba yake ni D.D.T. (Davidson Don Tengo) Jabavu, mtoto wa kwanza, yule profesa wa Fort Hare. Mama yake ni Florence Makiwane. Sasa baba wa Florence ni mchungaji Elijah Makiwane, ambaye ndiye alihariri Isigidimi kabla ya Jabavu. Noni babu zake wote wawili walikalia kiti kile kile Lovedale. Na shangazi yake, nasema vibaya, mama yake mkubwa au mdogo, Cecilia Makiwane, ndiye nesi wa kwanza Mwafrika kusajiliwa kule.

Fundi_Koti_EL
Hospitali ya Mdantsane ina jina lake! Mke wangu kajifungulia hapo na sikuwahi kujiuliza Cecilia ni nani. Aisee.

Shangazi_Stoo
Na hiyo Davidson Don ni jina gani la Mxhosa? Au Mmfengu, au mnavyotaka.

Msomi_wa_Kibarazani
Hapo shangazi pana kisa kizuri. D.D.T. kazaliwa Oktoba 1885. Kipindi hicho mkulima wa kizungu alimuua Mwafrika na hakupata adhabu. Mchungaji mmoja wa Kipresbiteri hapo King William's Town, John Davidson Don, akapiga kelele magazetini mpaka akashitakiwa yeye kwa kashfa. Akashinda kesi. Jabavu akampa mwanawe jina la huyo mchungaji. Na mtoto huyo alipokua shule ya wazungu ya hapo hapo mjini ikamkataa kwa rangi yake, wakampeleka Lesotho kwanza kisha Wales, akamalizia digrii chuo kikuu cha London.

WakiliBilaJoho
Sasa Kalamu_Butu, mtu anayemuita mwanae jina la mzungu aliyeshitakiwa kwa kumtetea mweusi, unasema nini juu ya utii wa mti wa Peddie?

Kalamu_Butu
Nasema bado ni jina la mzungu. Hahaha natania. Nasema naanza kuona alikuwa anawaamini wazungu mmoja mmoja, huyu mwema yule mbaya, kuliko kuiona serikali nzima. Na hiyo inaweza kuwa ya kimisheni zaidi kuliko ya Kimfengu. Nalegeza kidogo hoja ya ukoo. Kidogo tu.

Mchapaji_Mstaafu
Na utii wenyewe haukuwa mwepesi namna hiyo. Wamfengu walipigana upande wa Mwingereza vita tatu nne, halafu 1878 ikaja sheria ya kunyang'anya silaha Waafrika wote, wao wamo. Umempigania mtu miaka arobaini halafu anakuambia lete bunduki. Jabavu alikuwa na miaka 19 anafundisha Somerset East. Hilo nalo alilinyonya na maziwa au?

Bi_Mwanajuma_Ng'ambo
Asalaam alaykum wanangu. Mie nasoma tu tangu mwanzo. Hayo ya watu kuhama kabila mbona hayana ajabu. Huku Unguja wakati wa vita ya pili ya dunia mchele ulikuwa kwa mgao, Muarabu na Muhindi anapata mchele, Muafrika anapewa mahindi. Bibi yangu alikuwa akicheka akisema mwaka ule mtaa mzima uliamka Waarabu. Na waliokuwa hawawezi kuwa Waarabu kwa sura wakasema sisi Washirazi. Sasa hapo nani muongo? Tumbo lilikuwa la kweli.

Shangazi_Stoo
Waalaykum salaam bibi. Umemaliza.

Msomi_wa_Kibarazani
Hajamaliza shangazi, maana Cobbing na wenzake ndicho wanachosema na ndicho wanachopingwa. Mgao unaeleza kwa nini mtu alijiandikisha. Hauelezi kwa nini wajukuu zake bado wanataja majina ya mito ya Natal kwenye majigambo ya ukoo. Ukishakuwa na majigambo wewe si karatasi ya mgao tena.

Bi_Mwanajuma_Ng'ambo
Majigambo nayo hufunzwa mwanangu. Mie najua tendi za watu waliotoka Shiraz ambao hata Pemba hawajafika.

KijanaHodari_91
hahahaha bibi

Fundi_Koti_EL
Nimerudi. Leo nimemuuliza yule mama mteja wangu kuhusu Jabavu. Kaniambia jina la Jabavu kwake ni mtaa wa Soweto, ndugu yake anakaa huko, White City Jabavu. Nikamwambia alikuwa mwandishi wa gazeti hapo King. Kaniuliza "alikuwa wa ukoo gani?" Nikamwambia Jili. Akasema "ooh, basi namjua."

WakiliBilaJoho
Kumbe anamjua?

Fundi_Koti_EL
Ndio nami nikauliza hivyo. Kasema hamjui yeye, anajua akina Jili. Kwa huku ni kitu kimoja.

Kalamu_Butu
Kwa hiyo ukoo unaeleza kitu! Nilisema!

Shangazi_Stoo
Umerudi ulipoanzia mwanangu. Kalale.

Mwalimu_Kalongo
Mandela ameandika kwamba alipokuwa Fort Hare Profesa Jabavu, huyo D.D.T., alikuwa bingwa wa nasaba za Waxhosa, akamweleza habari za baba yake mwenyewe ambazo hakuwahi kuzijua. Yaani mtoto wa Mmfengu anamfundisha mtoto wa Wathembu ukoo wake. Nimeiacha hapo mvutane nayo.

MwanaPeramiho
Wakuu mrejesho kama nilivyoahidi. Nimempigia babu. Nimemuuliza sisi ni Wangoni wa kutoka kusini au wa kuingizwa. Kanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Halafu kaniambia baba yake alikuwa Mngoni, ila alikuwa anakwenda kutambika kwa Wandendeule kila mwaka, usiku, na yeye akiwa mtoto alikuwa anabeba kibuyu cha pombe na kukatazwa kusema. Nikamuuliza kwa nini ni usiku. Kasema hayo ya kwenye simu hapana, niende na sukari kilo tano.

NgojaWaje
Mkuu nauli tunachanga. Weka namba ya kikoba.

BintiMsasani
Na ukifika muulize kibuyu kiko wapi.